Hustle na Kijana Aliyeweka Mpira Chini

Nianze na kosa langu, maana bila hilo sina sababu ya kuandika leo kuhusu filamu iliyotoka Juni 2022. Mimi ndiye niliyeipeleka Hustle Mbooni. Niliinunua Kitui mjini, kwenye kibanda cha kuuza muvi karibu na steji, shilingi 20, nikawekewa kwenye flashi pamoja na vipindi vinne vya tamthilia ya Kikorea ambavyo sikuviomba. Nikapanda matatu mbili na boda moja hadi kwa rafiki yangu, nikamwambia, "Msee, hii ndiyo dawa ya yule kijana wako."

Rafiki yangu huyo tulisoma naye sekondari. Yeye alimaliza chuo, mimi nikatoka mwaka wa tatu, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine. Sasa ni mwalimu wa bodi kwenye shule moja ya kutwa huko vilimani Makueni, anafundisha Kiswahili na Dini, na kwa kuwa ndiye mrefu kuliko walimu wote, mkuu wa shule alimkabidhi mpira wa kikapu. Hivyo ndivyo makocha wengi wa shule zetu hupatikana. Uwanja wenyewe ni simenti iliyopasuka katikati, ringi mbili hazina nyavu, na upande mmoja ni mteremko. Mpira ukikuponyoka unaufuata hadi kwenye matuta ya mahindi ya watu.

Lakini alikuwa na mchezaji. Nitamwita Tisa, kwa namba ya jezi yake. Kidato cha tatu, si mrefu sana, mwembamba, na mkono wa kurusha ambao hakuna aliyemfundisha. Ukimwona akirusha kutoka mbali unashangaa mahali ulikotoka huo mkono, kwa sababu ringi ya kwanza aliyoijua ilikuwa ya baiskeli, imegongelewa misumari kwenye mwembe. Shida ilikuwa moja. Tisa alikuwa mtu wa hisia za karibu. Akikosa mara mbili mfululizo, macho yanajaa machozi hapo hapo uwanjani, mbele ya wasichana wa shule jirani. Refa akipuliza asichokubali, anamfuata refa. Muhula mmoja alipata teknikali mbili kwenye mechi moja, na anayejua sheria anajua maana yake: mbili ni kwenda nje, na timu inamaliza bila wewe.

Kwa hiyo nikaja na filamu.

Wasioiona niwape kwa ufupi. Adam Sandler ni Stanley Sugerman, mtafuta vipaji wa Philadelphia 76ers aliyechoka kulala hotelini. Kule Uhispania, kisiwani Mallorca, anamwona kijana wa mjengo akicheza mtaani kwa pesa, amevaa buti za kazi, na anawafunga watu aibu. Huyo ni Bo Cruz, anachezwa na Juancho Hernangómez, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji wa kweli wa NBA. Bo ana kipaji, ana mama, ana binti mdogo, na ana hasira. Klabu inamkataa, Stanley anaacha kazi, anamfundisha mwenyewe. Kuna mlima wa kukimbia alfajiri, kuna saa ya kupima, kuna muziki. Unajua inakoelekea. Mwongozaji ni Jeremiah Zagar, na nitampa haki yake: sijaona filamu nyingine ya kubuni ambayo mpira wa kikapu unaonekana kama mpira wa kikapu. Kamera iko karibu, inasikia viatu. Wachezaji wanacheza kweli, hawaigizi kucheza.

(Huku kwetu jina lenyewe lilikuwa na balaa lake. Ilitoka Juni, na Agosti 9 tulikuwa tunapiga kura. Miezi hiyo ukisema neno hasla watu wanakuangalia kama unaomba kura. Mwenye kibanda aliniuliza kama ni dokumentari ya siasa.)

Sasa, moyo wa filamu. Bo anakutana uwanjani na Kermit Wilts, mchezaji chipukizi mwenye mdomo mchafu, anayechezwa na Anthony Edwards wa Minnesota Timberwolves. Kermit hamshindi Bo kwa mchezo. Anamshinda kwa maneno. Anamchokonoa kuhusu binti yake, na Bo anapotea. Stanley anaona tatizo, na dawa yake ni hii: anaanza kumtukana Bo makusudi mazoezini. Anatukana huku Bo anarusha, anatukana huku Bo anakimbia, anaingia hadi kwa mama. Mwanzoni Bo anakasirika, kisha anazoea, kisha anacheka. Hicho ndicho kipande kinachochekesha kuliko vyote kwenye filamu, na Sandler anakifanya kwa raha ya mtu aliyetafuta riziki kwa matusi miaka thelathini.

Tuliionyesha kwenye darasa la kidato cha pili, projekta ya kuazima, Ijumaa jioni. Vijana kumi na wawili na wengine wa kudandia. Walipofika kwenye matusi walicheka hadi tukasimamisha. Rafiki yangu akanigeukia gizani akaniambia, "Umeona?" Nikamwambia nimeona.

Jumatatu tukaanza.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu shule za kutwa. Serikali inalipa sehemu, lakini chakula cha mchana ni cha mzazi. Muthokoi haujipiki. Pesa ya chakula ikichelewa, jina lako linasomwa asubuhi na unarudi nyumbani kuifuata. Tisa alikuwa ametumwa nyumbani mara tatu muhula huo, na kila akirudi amekosa mazoezi ya siku mbili. Kwa hiyo vijana walipoambiwa watafute la kumtukana mwenzao, hawakuhangaika. Kila mwenye simu ameusikia ule ujumbe wa kampuni ya simu. Tisa akisimama kurusha, timu nzima inaimba kwa ile sauti ya dada wa kwenye simu: salio lako halitoshi.

Nilicheka. Naandika hili kwa sababu ingekuwa rahisi kusema nilikunja uso. Nilicheka, nikasema wana akili hawa.

Na ilifanya kazi, jamani. Hilo ndilo linaloniudhi. Wiki mbili hivi Tisa hakulia. Alirusha huku wanaimba, mpira ukaingia. Alifunga mdomo, akafunga na uso. Rafiki yangu alinitumia ujumbe usiku: "Hakuna machozi tena." Nikamjibu kwa emoji za moto.

Mechi za kaunti ndogo zilikuwa muhula wa kwanza wa 2023, jua la kuua. Robo ya tatu, tunaongoza kwa pointi nne. Timu pinzani haikuwa imesema neno, walikuwa watoto wa adabu kabisa. Tisa akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza akakosa. Kwenye benchi letu, kijana mmoja, kwa mapenzi tu, kwa kumkumbusha mwenzake mazoezi, akaimba ile nyimbo. Benchi lote likaitikia. Upande wa pili wa uwanja watazamaji wakaipenda, wakaidaka.

Tisa hakumpiga mtu. Hakumfuata refa. Aliuweka mpira chini kwenye mstari, polepole, kama mtu anayeweka yai, akatembea hadi kwenye lango la shule, akatoka. Refa alisimama na filimbi mdomoni. Hakujua apulize nini. Tukashindwa kwa pointi sita, na hilo wala sikumbuki vizuri. Nakumbuka mpira ukiwa umekaa pale kwenye mstari na hakuna aliyetaka kuuokota.

Siku ya pili tukaenda kwao, mimi na mwalimu. Mama yake alitukaribisha vizuri, akatupa viti na maembe, akatusikiliza. Rafiki yangu ni mtu wa maneno mazuri, akaeleza kuhusu kipaji, kuhusu kumjenga kijana awe mgumu, avumilie. Mama akangoja amalize. Akasema, "Mwalimu, kuvumilia anajua. Amekuwa akivumilia tangu darasa la tatu. Mimi nilidhani huko kwa mpira ndiko anakopumzika."

Niliirudia Hustle usiku huo kwenye simu. Nikaitazama tena mara mbili wiki iliyofuata, na makala hii imetokana na hizo mara tatu.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kwamba filamu haiamini hadithi yake yenyewe. Inatuambia matusi ndiyo yaliyomtengeneza Bo. Lakini fuata matukio, si muziki. Bo anayetulia ni yupi? Ni yule ambaye mama yake na binti yake wameletwa kwa ndege hadi Philadelphia. Hapo ndipo mabega yake yanaposhuka. Stanley amefanya kazi ya kweli ya kocha katika tendo hilo: ameuliza huyu kijana anakosa nini, akakitafuta, akakilipia. Zagar anakipitisha haraka kwa sababu tiketi ya ndege haichekeshi, na huwezi kuiwekea ngoma za mazoezi. Hivyo mtazamaji anaondoka na lile la kukumbukika, na la kukumbukika ni matusi. Sisi tuliondoka nayo. Tulikuwa watu wazima wawili, mmoja na digrii.

La pili ni Kermit. Edwards ndiye anayeigiza kuliko wote, ana ule utulivu wa mtu anayejua anapendwa na kamera, na filamu inamlipa kwa kumnyima nyumbani. Bo ana mama, binti, historia, machozi. Stanley ana mke, binti, na ajali ya gari iliyommaliza mchezo ujanani. Kermit ana mdomo tu. Hatujui nani alimfundisha kuongea hivyo. Kama ndiyo hivyo makocha wanavyowajenga vijana, basi huenda na yeye kuna mzee aliyemtukana alfajiri hadi akazoea, na sasa anampa mwenzake alichopewa. Filamu ingeuliza hilo ingekuwa kubwa. Yule kijana wetu wa benchi alikuwa Kermit wa aina hiyo: alifundishwa, na sisi, kwamba tusi ni upendo. Alilia kuliko wote siku hiyo.

(Kwa wanaopenda ukweli wa nje ya skrini: Hernangómez na Edwards walicheza timu moja Minnesota. Na miezi mitatu baada ya filamu kutoka, Septemba 2022, Hernangómez alifunga pointi 27 kwenye fainali ya EuroBasket mjini Berlin, Uhispania ikaifunga Ufaransa. Sidhani kuna aliyemtukania mama kabla ya mechi.)

La tatu ni hesabu tu. Stanley ana mchezaji mmoja. Ameacha kazi, anaamka naye, anakula naye. Mwalimu wa bodi ana kumi na wawili, na daftari za insha za vidato viwili, na mshahara unaochelewa. Kila filamu ya kocha naona ina uongo huu wa muda. Hata Coach Carter ya 2005, ambayo tuliitazama sekondari karibu kila mwisho wa muhula, inamwonyesha kocha mwenye duka lake mwenyewe na saa za kutosha za kufunga milango ya jimu. Ukileta mbinu ya mtu mwenye mchezaji mmoja kwa mtu mwenye kumi na wawili, mbinu inabadilika. Tusi la Stanley ni la faragha, watu wawili wanaojuana. Tusi letu lilikuwa la kwaya.

Na si kwamba hakuna hadithi nyingine za kutazama. Ron Artest, yule wa Indiana Pacers. Novemba 19, 2004, kule Michigan, baada ya vurugu za wachezaji, Artest alikwenda akalala chali juu ya meza ya waamuzi. Watu walimcheka, wakasema ni kichaa. Lakini itazame tena ile video: ni mtu anayejaribu kutulia mbele ya maelfu ya watu na hajui aende wapi. Kisha shabiki akamrushia kikombe, na Artest akapanda jukwaani, na yaliyofuata unayajua. Alifungiwa msimu uliobaki wote. Mimi huwa najiuliza ingekuwaje kama sekunde ile ya meza kungekuwa na mtu wa kumshika mkono na kumtoa nje. Miaka sita baadaye, Juni 2010, akiwa Lakers chini ya Phil Jackson, walichukua ubingwa mechi ya saba, na Artest akamshukuru daktari wake wa akili kwenye runinga, moja kwa moja, dunia nzima inatazama. Huyo Jackson ndiye pia aliyemruhusu Dennis Rodman kwenda Las Vegas kupumzika katikati ya msimu, kama tulivyoona kwenye The Last Dance. Kocha mwingine angemuita mtovu wa nidhamu. Yeye alijua Rodman ana pumzi za kiasi fulani, zikiisha zimeisha.

Ukitaka ya nyumbani, Februari 2021, Yaoundé, Kenya dhidi ya Angola, Tyler Ongwae anarusha ile ya mwisho, 74 kwa 73, na Morans wanarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Kocha alikuwa Liz Mills wa Australia, mwanamke akiongoza timu ya taifa ya wanaume. Ningelipa zaidi ya shilingi 20 kuona filamu ya chumba chao cha kubadilishia nguo. Hakuna aliyeitengeneza. Hivyo tunajifunza ukocha kutoka kwa Adam Sandler.

Kitu kilichotusaidia mwishowe hakikutoka kwenye filamu yoyote. Kilitoka kwa Dean Smith, mzee aliyefundisha North Carolina kuanzia 1961 hadi 1997, aliyempitisha Michael Jordan. Smith alikuwa na utaratibu mmoja mdogo: mchezaji akichoka anainua ngumi, anatolewa mara moja bila swali, na akishapumzika yeye mwenyewe ndiye anayesema yuko tayari kurudi. Rafiki yangu aliusoma mahali, akaubadilisha kidogo. Kwetu ngumi ni ya uchovu au ya hasira au ya machozi. Hakuna anayeuliza ni ipi.

Nilimwambia itatumiwa vibaya, watainua ngumi kila dakika. Akaniambia, "Wewe ndiye uliniletea filamu, nyamaza." Haki yake.

Tisa alikaa nje wiki moja na siku mbili. Hakuombwa msamaha kwa hotuba. Mwalimu alisimama mbele ya timu akasema lile lilikuwa wazo lake na lilikuwa baya, nami nikasema lilikuwa langu, na wakatuangalia kama watoto wanavyowaangalia watu wazima wanaogombania lawama. Pesa ya chakula bado ilichelewa. Hilo hatukulitatua, na nisingependa mtu asome hapa akadhani tulilitatua. Kilichobadilika ni kwamba akitumwa nyumbani, akirudi anapata nafasi yake pale pale. Hapotezi namba kwa sababu ya siku ambazo hakuchagua kukosa.

Machozi yalirudi. Rafiki yangu anasema heri hayo kuliko ule uso uliofungwa, kwa kuwa uso ule hakuweza kuusoma, na kocha asiyeweza kumsoma mchezaji wake anabahatisha tu. Hapo sina uhakika kama nakubaliana naye kikamilifu. Kuna siku Tisa anainua ngumi robo ya kwanza na harudi tena, na timu inahitaji pointi. Siku hizo namwona mwalimu akitazama benchi na kutafuna filimbi, na najua anawaza kumsukuma. Hamsukumi. Wamepoteza angalau mechi moja kwa njia hiyo na vijana wengine walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika.

Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa mechi ya kirafiki, mvua za Novemba zimeanza, simenti inateleza. Tisa alikosa tatu mfululizo. Akainua ngumi. Akaja akakaa karibu nami, jezi imelowa, akafunika uso kwa taulo. Sikusema kitu. Baada ya dakika kama nne akaitoa taulo, akaniuliza kama ni kweli nilitoka chuo. Nikamwambia ni kweli. Akauliza kama nilifukuzwa. Nikasema hapana, nilitoka tu. Akafikiria kidogo, akanywa maji, akamwambia mwalimu yuko tayari.